Sakafu Uliyonipa

...na shuka langu la bluu ndilo hilo limekwenda, mdogo wangu, na mti wa kamba ya nguo umekwenda nalo, nami nimebaki nimesimama ukingoni na vibanio mkononi kama mtu aliyeachwa na gari stendi. Jana pale palikuwa na ardhi. Nimeanika nguo pale tangu nihamie. Leo asubuhi nasikia tu pwaa, kama mtu kamwaga beseni, natoka, hakuna mti, hakuna shuka, mto unapita unajifanya haujui kitu.

Anayeniandikia ni fundi cherehani, jirani yangu wa mkono wa kushoto. Amesimamisha kalamu, ananiambia mama, barua haianzi na shuka, inaanza na salamu. Nikamwambia huyu ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni, tutasalimiana mbele ya safari. Amekataa katakata. Mkaidi huyu, hata gauni ukimwambia fupi anakushonea refu. Haya, salamu. Hujambo, baba? Kifua kimetulia? Usinywe maji ya friji halafu useme ni vumbi la dukani. Wifi yangu hajambo na ule mguu? Watoto wanasoma au wanashinda kwenye simu? Waambie shangazi yao mzima, anakula, analala. Hapana, usiandike analala. Silali. Andika mzima.

Nimeamua barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema unajua, wewe umeshasema najua, dada, halafu unaniacha hewani unakwenda kumpimia mteja misumari. Karatasi haina mteja. Nisikilize mpaka mwisho, ukasirike baadaye.

Unakumbuka siku tulipoinunua nyumba hii. Ulikuja nusu siku, ukagonga ukuta kwa kidole, ukatazama mabati, ukasema dada, hizi ni mbao tupu, lakini kama moyo wako umependa, haya. Mimi nikauza kibanda changu cha chai, wewe ukajazia, yule mjane akatupa ufunguo, ukarudi dukani kwako. Mimi ndiye niliyebaki naye akifunga mizigo kwenda kwa binti yake. Akanionyesha vinavyokwenda na nyumba: ndoo hii, bati lile lina tundu, paka huyu si wangu lakini atakuambia ni wako. Kisha akasema, na mabega ya watu. Nikaitikia tu. Nikadhani ni uzee unamsumbua, kumbe mimi na yeye tunalingana.

Nilikuja kuelewa siku nyumba ya kinyozi ilipohamishwa. Wewe hujawahi kuona, kwa hiyo tulia nikueleze. Nyumba za huku zote ni za mbao, na nguzo zake hazijachimbiwa chini. Zimekaa tu juu ya mawe bapa, kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti, yuko tayari kuondoka. Maana mto huu unakula ukingo, kidogo hapa, kidogo pale, leo kwangu, kesho kwako. Ukikaribia nyumba ya mtu, wanateremsha mabati, wanapitisha magogo marefu chini ya boriti, mtaa mzima unaingia chini, mmoja anapiga ukelele, nyumba inanyanyuka. Wanaipeleka nyuma kwenye ardhi ngumu, kuna uwanja umeachwa kwa kazi hiyo, haujengwi, wanaitua juu ya mawe mengine. Jioni mwenye nyumba anapika jiko lake lile lile. Hakuna malipo. Wanachouliza ni kimoja tu: huyu naye alibeba?

Siku hiyo ya kinyozi mimi nilisimama nimekunja mikono kama niko harusini. Anayeongoza kazi ni fundi seremala mmoja mrefu, tunamwita Pima Tena, kwa kuwa hawezi kukata ubao mpaka aupime, aukunjie uso, aupime tena. Akanipigia kelele mbele za watu, mama mgeni, umenunua tiketi? Wanawake wakacheka wakashikana. Nikaona haya, nikajifunga nguo kiunoni, nikaingia chini ya kona. Usiniulize mgongo. Nililala kifudifudi siku kadhaa. Pima Tena akaniletea mafuta ya kuchua, akasema mama, mgongo wako umeshastaafu, lakini nilikusikia ulivyopiga yowe, na sauti ile itatufaa. Basi tangu hapo mimi ndiye mpiga ukelele. Miaka yote ile nikiita wateja wa chai pale stendi, kumbe nilikuwa nafanya mazoezi. Nikisema hooo, wanashika. Nikisema haaa, wanakwenda. Nyumba ngapi zimekwenda kwa sauti yangu! Nilikuwa nikipita, watoto wananiigiza. Nilikuwa mtu wa hapa.

Sasa tuje kwenye sakafu.

Nilikuwa nimekwenda kumwangalia yule binti wa mama mdogo, amejifungua. Wewe ukaona ndiyo nafasi, ukatuma mafundi na lori lako la saruji. Niliporudi nikafungua mlango, nikadhani nimekosea nyumba. Mbao za chini zimeng'olewa, kifusi kimeshindiliwa, juu yake zege, na juu ya zege ile saruji nyekundu imelainishwa inang'aa unajiona uso. Fundi wako akaniambia ni zawadi ya mdogo wako, amesema mama asiambiwe mpaka aone mwenyewe. Mdogo wangu, nilivua viatu mlangoni. Nikakaa chini katikati ya chumba nikalia kama nimefiwa. Nilimkumbuka mama yetu akitandika magunia juu ya udongo uliolowa, wewe umelala katikati yetu, kifua kinapiga filimbi, huna meno ya mbele, unasema nikiwa mkubwa dada hatalala kwenye tope. Kwa hiyo usinisome vibaya huko mbele. Ile sakafu niliipiga deki asubuhi na jioni, na wala haikuwa chafu. Paka alikuwa akiteleza, nacheka peke yangu.

Lakini fundi wako alimwaga zege mpaka kwenye nguzo. Kila nguzo ameishika mguu. Yule mgeni wa ukingoni mwa kiti amefungwa kamba kwenye kiti.

Mtaa ukanyamaza. Si ugomvi, afadhali ungekuwa ugomvi, ningejibu. Wananisalimia kwa mbali, mama hujambo, wanapita. Kinyozi, ambaye mgongo wangu nimeuvunjia kwenye nyumba yake, akamwambia mteja wake kwa sauti, makusudi nisikie, kwamba bibi wa zege hatuhitaji tena, ameshaota mizizi. Nikieleza kwamba ni zawadi, sikuwepo, mdogo wangu hakujua, wananijibu ndiyo mama, ndiyo, kama wanavyomjibu mlevi. Halafu ikafika zamu ya nyumba ya muuza samaki. Hawakuniita. Wakamweka shemeji yake apige ukelele, sauti kama jogoo mwenye mafua, wengine wakashika wengine bado, wakaitua imepinda, mlango haufungi mpaka leo. Yote hayo niliyasikia nikiwa ndani, nimekaa kwenye sakafu yangu nzuri.

Tangu hapo situlii. Nakaa, nasimama. Nachemsha chai, naiacha inapoa, nachemsha nyingine. Naanza kukunja nguo, naziacha katikati, natoka kwenda kutazama ukingo, narudi, nikifika mlangoni nimeshasahau nilivyouona, natoka tena. Fundi cherehani anasema nikipita mbele ya dirisha lake anakosea mshono. Mto ulianza kula yale majani ya ukingoni, ukala kibao changu cha kukalia, leo shuka. Baada ya shuka hakuna kitu kingine katikati, ni mimi.

Kile kibao kilipokwenda, ndipo nikakupigia. Nikasema mto umefika, ukanikatiza, ukasema usihangaike dada, nimeshapata mtu. Nikadhani mtu wa kusaidia, kumbe mtu wa kununua. Umemwonyesha picha ya sakafu kwenye simu, ameipenda, ana mke na watoto wadogo, wanataka mahali tulivu karibu na maji. Unakuja naye Jumapili. Mimi nitakaa kwako, kile chumba cha nyuma chenye makopo ya rangi, wifi ameshakubali. Nikakuuliza huyo mtu umemweleza habari ya mto? Ukasema dada, mto si ameuona kwenye picha. Ukacheka. Mimi nikasema sawa.

Hiyo sawa ndiyo imenifanya nimsumbue fundi wa watu na kalamu. Haikuwa sawa. Nilisema kwa sababu tangu utoto nikikukatalia kitu unakohoa. Nilipoweka simu, niliwaona hao watoto nisiowajua wakiteleza na paka pale ndani, na mto nje unawasubiri. Na nikajiona mimi kwenye makopo yako ya rangi, nikiuliza kila asubuhi leo ni siku gani. Hapana, baba. Nakupenda, lakini hapana.

Nikaenda kwa Pima Tena, mguu mmoja kiatu, mwingine kandambili, nikamwambia kata nguzo. Akaja, akapima, akakunja uso, akapima tena. Akasema zege hili ukilivunja lote nyumba itapasuka, dawa ni kukata nguzo kila moja juu ya sakafu, sakafu ibaki, nyumba iende bila miguu. Lakini akasema, mama, kukata nitakata, kubeba siwezi peke yangu, na watu hawa mimi siwasemei. Akaondoka na msumeno wake.

Mimi maneno nilikuwa nimeshayamaliza. Nikachukua nyundo ya kuvunjia mkaa, nikaanza kuipiga sakafu pale kwenye nguzo ya mlango. Zege lako ni zuri, usimsikilize mteja yeyote, lile zege halina mchezo. Nimepiga mpaka mkono ukafa ganzi, kimetoka kipande kama biskuti. Lakini kelele ilifika. Wa kwanza kutokea alikuwa kinyozi, na shuka lake la kunyolea bado liko begani. Akasimama mlangoni, amekunja mikono, ananitazama ninavyotoka jasho. Nikamwambia wewe nawe umenunua tiketi? Akajizuia, akajizuia, akaangua kicheko. Akaninyang'anya nyundo, akasema acha, utaua mgongo tukose sauti. Akatoka kwenda kumrudisha Pima Tena.

Kwa hiyo sikiliza, mdogo wangu, neno lenyewe nalisema sasa. Nakuandikia niko kwenye baraza ya fundi cherehani. Mabati yangu yako chini, yamepangwa. Kitanda na vyombo vimeshatolewa. Nguzo zimekatwa zote isipokuwa ya pembeni, nyumba imeegemezwa juu ya magogo, msumeno nausikia hapa. Ukija Jumapili na mtu wako mtaikuta ile sakafu nyekundu peke yake ukingoni, kama meza isiyo na chakula, na juu yake wanawake na mapovu, maana wameshagawana, huyu pembe hii, yule pale palipokuwa kitanda changu, watafulia mpaka mto utakapoichukua. Haikutupwa, nakuapia. Hata muuza samaki amesema hajawahi kusugua nguo mahali laini namna ile.

Huyo mnunuzi mwambie ukweli mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hajapanda gari. Kisha wewe njoo. Kasirika kwanza, ukimaliza njoo. Nyumba utaiona kule nyuma, imekuwa fupi, mlango utakugonga paji, chini mbao tupu tena, atazipigilia Pima Tena. Watakuuliza kama wewe ndiye mwenye zege. Nitawaambia huyu ndiye mdogo wangu. Inayofuata ni nyumba ya huyu anayeniandikia, kwa hiyo lete bega, si saruji.

Au labda utakuta kuni tu. Hilo nalo lazima nikuambie. Nyumba isiyo na miguu hawajawahi kubeba. Pima Tena leo hakupima mara mbili, amepima mara tano. Boriti ni za zamani, zikishikwa pabaya zinakatika katikati, na mimi sina kibanda tena cha kuuza, wala sitakuomba wewe. Nimesimama nikakaa mara ngapi tangu tuanze barua hii, muulize huyu. Amenikalisha kwa kunivuta nguo. Msalimie wifi, mwambie asikasirike kuhusu chumba, aweke makopo yake. Watoto wabusu mmoja mmoja, yule mdogo mara mbili. Na kifua, baba, kifua...

Msumeno umenyamaza. Wananiita. Kinyozi ndiye anayepaza sauti, mama, mama, tumeshaingia. Naona miguu yao tu chini ya nyumba yangu, mingine ina viatu, mingine haina. Hawashiki mpaka niseme. Nakuja! Wewe fundi, andika ni mimi dada yake, inatosha, kisha weka kalamu chini uje, kona ya jikoni haina mtu.