Ng'ombe Wanne wa Mama Brightness

Daudi, 11 Februari 2025

Shemeji Tadeo,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Mama watoto hajambo? Jino lako limepoa? Mimi ni mzima, isipokuwa nyonga, ambayo kwa baridi ya huku inaniamsha kabla ya jogoo. Brightness yuko bweni, hajambo, anakusalimu.

Naandika kwa sababu ulinikataza kupiga simu kuhusu mifugo, kwamba wanao wanapenda kuweka spika. Barua hii ataileta Sada, yule muuza vitenge wa huko kwenu Dongobesh anayekuja mnada wa huku. Nimeifunga kwa gundi.

Jumamosi kamati ya huduma ya kanisa ilifika kwangu. Walikuwa wawili, mwalimu Agustino na mama mmoja wa Umoja wa Mama. Mwaka huu wanatafuta nyumba sita za kupewa mitamba. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye orodha: mjane, hana ng'ombe. Mwalimu akasimama mlangoni pa zizi, akahesabu kwa ncha ya kalamu: mmoja, wawili, watatu, wanne. Akasema, "Mama Brightness, kama huu ndio umaskini, na mimi niandikeni." Yule mama alicheka mpaka akashikilia nguzo.

Anayetunza ng'ombe wa mtu hamtaji mwenyewe; ndivyo tulivyolelewa, na sijakutaja kwa miaka tisa, tangu Hermani mdogo wako alipokuwa hai. Lakini wewe na mimi tunajua wale wanne ni wa nani. Mimi nanywa maziwa na kupata samadi ya vitunguu saumu. Ukiwachukua kesho, shamba langu limekufa keshokutwa. Ndiyo maana nilitaka mmoja wa kwangu, ambaye hakuna atakayeamka asubuhi akamfungua kamba.

Wewe ni katibu wa kamati. Mwambie Kasisi Sebastiani, yeye peke yake, kwamba ng'ombe si wangu. Inatosha.

Na nina swali. Ulikuwa uje na kamati siku ile. Jino liliuma siku ile tu?

Shemeji yako,
Zita


Dongobesh, 2 Machi 2025

Shemeji Zita,

Marahaba. Asifiwe. Sisi tu wazima. Jino liling'olewa, kwa hiyo usilitilie shaka. Pole na nyonga. Jikande kwa maji ya chumvi.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mambo ya zizi hayapelekwi kwa kasisi. Kasisi ana mke, mke ana kikundi, kikundi kina midomo ishirini. Unajua wanangu. Wakisikia nina ng'ombe mahali, kesho watakuja kuomba urithi nami bado napumua.

Usiniambie niwahamishe. Kibali cha kusafirisha mifugo kinataka jina la mwenye mali, na ofisi ya kata si kaburi.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukiulizwa, sema ni wako. Hata kama mimi mwenyewe nimesimama mbele yako, sema ni wako. Mwanamke mwenye ng'ombe wanne anaheshimiwa; umepoteza nini? Habari ya mtamba niachie mimi, nitakutetea kwenye kikao.

Bahasha yako ilifika imeachia upande mmoja. Huyo Sada anajua kusoma? Barua hii ukishaisoma ichome.

Shemeji yako,
Tadeo


Daudi, 16 Machi 2025

Shemeji Tadeo,

Shikamoo. Natumaini fizi imefunga. Huku mvua imekuja vizuri.

Sada anasoma kuliko mimi na wewe. Nilimuuliza usoni kama alifungua bahasha. Akasema, "Dada Zita, barua za Wakristo nizifungulie nini? Mwanzo salamu, mwisho salamu, katikati mgonjwa." Mimi namwamini. Gundi ilikuwa ya uji.

Lakini alinipa habari nyingine. Ukutani kwenye duka la kaka yake Abdillah kuna kalenda ya kanisa letu. Alipewa na mteja. Anasema mwezi wa nane ni wewe, umesimama umeshika kamba ya ng'ombe mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na chini pameandikwa kwamba miaka mitatu iliyopita hukuwa na ng'ombe hata mmoja, kanisa likakupa mtamba, na sasa unawahudumia wengine. Sada alisema, "Shemeji yako ametoka vizuri. Ila mbona hatabasamu?"

Sikujua kwamba ulipewa. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na watatu wako hapa. Labda mpiga picha alikosea. Niambie.

Jambo la pili ni la haki tu, silisemi kwa ubaya. Mtunzaji naye hupewa wake, miaka ikipita. Kwangu wamezaliwa ndama sita. Wote sita umewapeleka mnadani na sikufungua mdomo. Naomba yule mwekundu mzee awe wangu. Niandikie mstari mmoja tu wa kusema hivyo, nami suala la kanisa nitaliacha.

Shemeji yako,
Zita


Dongobesh, 8 Juni 2025

Shemeji Zita,

Marahaba. Nimechelewa kujibu; kulikuwa na palizi, na ugeni wa kanisa, na safari ya kupeleka mablanketi kwa wagonjwa Haydom. Sisi tu wazima.

Nyumba sita zimeshapatikana. Nilikutetea sana, lakini wajumbe walishikilia kwamba wameona ng'ombe kwa macho yao. Mwalimu Agustino ndiye aliyekukata. Mtu mgumu yule. Sitaki umchukie, ila ujue.

Ya kalenda ni mambo ya ofisi. Waandishi wa kalenda huongeza chumvi.

Ya mwekundu tutaongea tukionana. Mambo ya mifugo hayaandikwi.

Nani mwingine amekuuliza kuhusu zizi lako? Mtaje kwa jina.

Shemeji yako,
Tadeo


Daudi, 20 Julai 2025

Shemeji Tadeo,

Shikamoo. Sijambo. Vitunguu saumu nimeng'oa, vinakauka darini.

Uliniuliza majina. Hakuna aliyeniuliza, mimi ndiye niliyeuliza. Nilimfuata mwalimu Agustino baada ya ibada, nikamwambia sina kinyongo, nataka tu kujua nilikatwa kwa maneno gani. Alinitazama kama mtu aliyeombwa maji jangwani. Akasema, "Mama, mimi nilikuandika wewe kwa alama ya kuuliza. Nilisema ng'ombe hawa turudi tuchunguze, huenda ni wa kutunza. Ni katibu aliyefunga hoja." Akanionyesha fomu yangu. Chini pameandikwa: "Nafahamu familia hii. Ana ng'ombe wanne, ni mali yake. Hahitaji." Na sahihi.

Naujua mwandiko wako, shemeji. Nina barua zako.

Nilirudi nyumbani nikakaa na ng'ombe mpaka jua likaisha zizini. Nikamtazama yule mtamba uliyemleta Oktoba, siku ya mvua, ukasema umemnunua Katesh. Ana baka jeupe kwenye paji la uso. Wiki iliyofuata Sada alipokuja nilimwonyesha bila kumwambia kitu. Akasema, "Huyu mama yake yuko ukutani kwetu."

Sharti la kanisa kila mtu analijua: anayepewa mtamba, ndama jike wa kwanza anampeleka kwa nyumba inayofuata. Mwalimu anasema wewe uliripoti ndama wako alikufa kwa kuhara.

Sitamwambia mtu. Nakupa nafasi. Jumapili ya mavuno ni tarehe 24 Agosti, na mwaka huu inafanyika hapa Daudi, na nyumba zote za mitamba zitakuwepo. Njoo kabla ya siku hiyo, mchana, umchukue huyu mtamba mwenyewe ukamkabidhi. Sema ulikosea. Watu husamehe anayekuja kwa miguu yake.

Shemeji yako,
Zita


Dongobesh, 26 Agosti 2025

Zita,

Nimerudi juzi na mpaka sasa chakula hakipiti.

Nilikuwa mezani, na daftari na faili la fomu, kama kila mwaka. Wanaleta mahindi naandika, wanaleta kuku naandika. Naona watu wanapisha, wewe unaingia na kamba, na nyuma yako yule mtamba. Ulijua nitakuwa pale. Ulivaa kitenge kipya.

Kasisi akauliza mbele ya kanisa zima, "Mama Brightness, huyu unamtoa kwa nani?" Ukasema, "Kwa nyumba inayofuata." Akauliza, "Ni wa kwako?" Ningekuwa na shukrani kama ungesema ndiyo au hapana kama binadamu. Ulisema nini? "Katibu anayo fomu yangu. Tafadhali asome."

Nilisoma. Ningefanya nini, watu mia mbili wananitazama? Nilisoma kwa sauti kwamba unao wanne, ni mali yako. Kasisi akashukuru. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu Agustino hakupiga makofi, alikuwa ananitazama mimi. Kisha nikaandika risiti kwa mkono wangu: mtoaji, Zita. Kalamu ilitoboa karatasi. Akapewa Fabiola yule mlemavu wa mguu, na mimi ndiye niliyemshikisha kamba.

Umenitega. Tena kanisani. Nani alikufundisha, Sada au mwalimu?

Tadeo


Daudi, 7 Septemba 2025

Shemeji Tadeo,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Pole kwa kukosa hamu ya chakula; uji wa ulezi huenda chini wenyewe.

Hakuna aliyenifundisha. Nilikungoja wiki tano. Kila mnada nilimuuliza Sada kama ana bahasha, akasema, "Hana hata salamu, dada." Nilifikiri utakuja hata asubuhi ya tarehe 24. Niliacha lango la zizi wazi mpaka kengele ya pili.

Uliniambia nikiulizwa niseme ni wangu, hata wewe ukiwa umesimama mbele yangu. Niliulizwa, nawe ulikuwa mbele yangu. Sikuweza kusema, kwa sababu ni uongo na nilikuwa kanisani. Basi nilimwachia aliyeandika.

Mtamba alikuwa wa kanisa tangu kuzaliwa kwake, na sasa yuko anapotakiwa. Fabiola amemwita Neema. Jina hilo sikulichagua mimi.

Waliobaki ni watatu. Mwekundu ni haki yangu ya miaka tisa, huyo simtoi. Mweusi na maksai ni wako. Njoo uwachukue wakati wowote, mradi iwe mchana, na mwalimu Agustino awepo, na useme kwa mdomo wako kwamba ni wako. Sitakuongezea neno wala kukupunguzia.

Shemeji yako,
Zita


Dongobesh, 19 Oktoba 2025

Shemeji Zita,

Salamu. Hatujambo.

Nimejiuzulu ukatibu kwa sababu ya afya. Mweusi na maksai tutazungumza mwakani, mambo yakitulia.

Naomba zile barua zangu, zote tatu, hata ile ya Agosti. Mpe Sada azilete zikiwa zimefungwa vizuri. Au zichome, kama nilivyokuagiza tangu mwanzo, na uniandikie kwamba umezichoma.

Tadeo


Daudi, 9 Novemba 2025

Shemeji Tadeo,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Nafurahi kusikia hamjambo, na nakuombea afya iliyokutoa kwenye ukatibu irudi. Nyonga yangu ni ileile. Brightness atafunga shule mwezi ujao.

Mwekundu amezaa Jumanne, ndama jike, amesimama baada ya nusu saa. Huyu nimemwandikisha kwa ofisa mifugo kwa jina langu. Aliniuliza kama nina ushahidi kwamba mama yake ni wangu. Nikamwambia yupo katibu wa kanisa aliyethibitisha kwa maandishi na kwa sauti, mashahidi mia mbili. Alicheka, akagonga muhuri.

Mweusi na maksai ni wazima. Wanakula vizuri. Lango liko palepale.

Kuhusu barua, sikuzichoma na sitazituma. Nimezifunga kwenye nailoni nikaziweka juu ya kenchi za paa, mbali na panya. Usiwe na wasiwasi. Hazili majani wala hazihitaji kibali, na kwa miaka tisa umeona mwenyewe jinsi ninavyotunza mali ya mtu bila kumtaja.

Msalimie mama watoto.

Shemeji yako,
Zita