Zebaki ya Maabara

Jumamosi, 6 Juni 1987
Katoro, kwenye machimbo ya dhahabu. Lori la mbegu za pamba, vumbi mpaka kwenye kope. Kidato cha tatu nimewaacha Shinyanga, hawajui bado mchanganyiko ni nini na kampaundi ni nini!

Mdogo wangu Majaliwa kanenepa, kaezeka bati. Mkewe Zuleha ana mimba ya miezi sita. Majaliwa ananisifu kwa wageni: huyu ndiye mwalimu aliyenipa akili. Nikacheka. Desemba nilimletea chupa ya zebaki ya shule, nimeificha ndani ya soksi. Nikamwonyesha inavyoshika dhahabu na kuuacha mchanga.

Jumapili, 7 Juni
Pete ya ndoa ya Zuleha imekuwa nyeupe. Majirani wanasema aliolewa kwa dhahabu feki, na yeye kaanza kuamini. Si feki. Zebaki imeing'ang'ania.

"Nani anakamua zebaki?" nikamwuliza.

"Mimi, wifi. Mwenzangu yuko shimoni."

Anakamua zebaki ya ziada kwa kitambaa, mikono mitupu. Kisha donge linalobaki analichoma kwenye kikaango, jikoni, mlango umefungwa, magunia kwenye nyufa. Amri ya Majaliwa — moshi ukionekana, watu watajua leo kuna mzigo wa dhahabu.

Jumatatu, 8 Juni
Mikono ya Zuleha inatetemeka. Chai yote kwenye kanga. Fizi zinatoka damu.

Ubaoni huwa naandika vizuri sana: zebaki na dhahabu zimeshikamana kwa udhaifu, moto kidogo unazitenganisha. Dhahabu inabaki. Na zebaki je? Hilo sikumwambia Majaliwa. Inakuwa hewa, chembe zisizoonekana, zinabaki humo humo jikoni, zinaingia mapafuni. Na kwa mtoto aliye tumboni. Nilijua! Lakini Desemba ile nilikuwa na haraka ya basi, na walikuwa wamenichinjia mbuzi, sikutaka kuwaharibia furaha. Najichukia.

Jumatano, 10 Juni
Zahanati. Mganga, Bwana Gregory, mpole. Kasema malaria, pengine na upungufu wa damu. Kisha akauliza kama nyumbani kuna dawa yoyote kali anayoishika.

Zuleha akanitazama mimi, msomi.

Nikasema hapana.

Hapana! Kwa sababu swali la pili lingekuwa imetoka wapi, na Agosti maabara inakaguliwa. Tumerudi na klorokwini. Njiani Zuleha kanishukuru kwa kumsindikiza.

Alhamisi, 11 Juni
Asubuhi nimejikaza. Nimemwambia Majaliwa: Zuleha asiiguse tena, na kuchoma kuwe nje, mbali na watu. Akaniuliza: "Dada, mbona Desemba hukusema?"

Akasema basi na wenzake wasikie, akatoka. Nikauliza wenzake gani.

Saa nne uwanja umejaa. Wanawake kumi na wanne, wake wa wachimbaji, wote Majaliwa amewafundisha! Chupa yangu iliisha Januari. Sasa wananunua kwa walanguzi. Wakapiga magoti: shikamoo mwalimu. Esta, mke wa Jilala, mtoto mgongoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kasema jiko lao wamelikandika udongo upya, ndani na nje, hautoki hata uzi wa moshi. Anachomea humo na mtoto amelala. Akanishukuru: wabheja, mwalimu, wabheja sana.

Nimewaambia naingia ndani kuchukua kitabu.

Sina kitabu. Nimekaa kitandani naandika haya, na huko nje bado wananisubiri.