Mkanda Uliobaki Juu

Mwaka umetimia leo, Donatien, tangu wenzako wapande nawe kilima cha Kadutu, wamekubeba juu ya ubao wa jukwaa la ujenzi mliokuwa mkisimama juu yake kazini. Ilikuwa Machi 1957, mvua imetoka kukatika. Mkeo Euphrasie alikuwa mlangoni akichambua maharage. Aliwatambua kwa mbali, mmoja mmoja, na wewe hakukuona.

Papa Agathe, kama tulivyokuita kwa jina la bintiyo, nyumba haijazoea. Hakuna tena wa kuingia kwa watu akatazama dari kabla ya kusalimia, kisha akatangaza kwamba ukuta umepinda. Sisi ndugu zako tulikuwa tukiona aibu, tukikukanyaga mguu chini ya meza. Lakini nyumba ya mama yetu Georgette uliijenga upya kila Jumapili baada ya misa, bila kuombwa, ukiimba nyimbo za kanisa vibaya kabisa. Haivuji hadi leo.

Ulikuwa mtu mwembamba. Hata suruali yako ya harusi Euphrasie aliipunguza pande zote mbili. Na ile mikanda ya usalama ya kampuni yote ilitoka Ulaya kwa kipimo kimoja, cha mtu mwenye kitambi. Ukiufunga wako kwenye tundu la mwisho, bado ulikuteremka hadi mapajani. Uliomba ruhusa ya kutoboa tundu jingine. Gaston, kapita aliyewasimamia kazini, akakataa: mali ya kampuni haitobolewi. Ndipo ukaanza kujizungushia kiunoni kipande cha kikwembe, kitenge kikuukuu cha mkeo, na mkanda juu yake. Ukashika vizuri. Wembamba wengine wakakuiga.

Siku ile mkurugenzi alikuwa anakuja kukagua. Asubuhi Gaston akawapanga mstari.

"Mutoe hizo bitambaa yote! Directeur iko anakuya, sipende akute batu bamejifunga sawa mizigo."

Ukamwambia mkanda utakuponyoka.

"Utashikilia na mukono," akasema.

Fundi anayepiga lipu ukuta wa ghorofa ya nne, sahani yenye udongo wa lipu mkono huu na mwiko mkono ule, ashikilie mkanda kwa mkono upi? Swali hilo tunalala nalo na kuamka nalo.

Uliteleza. Kamba ilishika, mkanda nao ulishika. Wewe ukachomoka, ukaanguka. Mkanda ulibaki ukining'inia juu, mtupu, mbele ya wageni waliokuja kukagua.

Kampuni ikasema hukufunga mkanda. Maneno hayo yakafika bombani wanawake wanapochota maji, yakafika mtaa wa Cimpunda, yakamkuta binti yako Agathe shuleni: baba yako alijiua kwa uzembe. Wewe, uliyekuwa ukirudi kutoka njiani kuhakikisha mlango umefungwa! Inatuuma kuliko kaburi lenyewe, na hatutanyamaza.

Anaclet, mwenzako wa jukwaa moja, ndiye aliyepanda kuuteremsha mkanda. Kwenye matanga alisimama mbele ya watu wote, Gaston akiwa amekaa palepale na sahani ya chakula mapajani.

"Maman Euphrasie, mukaba ilikuwa yenye kufungwa. Mi mwenyewe njo niliifungula, mu tundu ya mwisho. Muntu asikudanganye."

Baada ya matanga, Anaclet hakuitwa tena kazini. Sasa anauza makaa sokoni Kadutu, na neno lake hajalibadili, ingawa ameombwa.

Mikanda bado ni ileile. Ninyi mafundi mnaosoma haya, hasa mlio wembamba, kabla ya kupanda mwambie mwenzako auvute mkanda wako kuelekea chini kwa nguvu zake zote. Mkanda ukiteremka, usipande, hata aje nani kukagua. Donatien angewaambia hivyo yeye mwenyewe, tena kwa kelele.

Unakumbukwa na mkeo Euphrasie. Wanao Agathe, Venant na Marie-Louise, aliyezaliwa baada ya mazishi. Mama yako Georgette. Ndugu zako Philémon na Séraphine. Na Anaclet, ambaye sasa ni wa nyumba hii.

Hakuna siku utakayosahaulika kwetu. Marie-Louise bado ananyonya. Siku atakapouliza baba yake alikufaje, kabla ya mvua, kabla ya ghorofa, kabla ya jina la mtu yeyote, tutamwambia kwamba alikuwa amefunga mkanda.