Mbu Mmoja wa Mama Tabu

Dada Zuhura,

Shikamoo kutoka Muze. Huku bondeni joto linalegeza hata mawazo, na ziwa linaelea kwa mbali kama shuka lililoanikwa. Hawa watafiti ninaowaendesha wanasema baadhi ya mbu wa porini wana bakteria tumboni wanaozuia vimelea vya malaria visikue. Ndio wanaowatafuta.

Jana Mama Tabu, mwenyeji wetu hapa kijijini, alitupatia chumba cha kutegea mbu. Kwa kuona haya mbele ya wageni, akapiga deki, akafukiza majani, mbu wote wakahama. Asubuhi mtego mtupu.

"Mama, tulikuja kwa ajili ya mbu," nikamwambia.

"Najua, baba. Lakini mkiwakuta si mtasema mimi mchafu?"

Kisha akatuonyesha mmoja, amejificha ndani ya chandarua chake, ameshiba.

Sasa yuko kwenye kichupa, karibu na usukani. Nitampandisha mlima hadi maabara, polepole kama bibi harusi. Huenda hana kitu tumboni zaidi ya damu ya Mama Tabu. Hata hivyo namtazama, naota masika moja tu ambayo mwanao Idi hatalazwa kwa malaria.

Mfunike vizuri, baridi ya huko juu Majengo naijua.

Mdogo wako,
Salumu