Mafuta ya Kurudi

Jumamosi, 1 Machi 2025

Tumepata ndege! Wiki sita hawa watu wanatembea kwa miguu kwenye dunia iliyoisha, wanakula mizizi, wanakimbizwa na fisi wa vichwa viwili, na leo Ronnie akarusha dadu yetu ya pande ishirini ikaanguka ishirini kamili. Ningefanya nini? Nikawapa. Ndege ya jeshi ya kubeba mizigo, injini nne, imelala kwa shamba la mahindi kule Sugoi tangu vita vya mwisho. Kituyi aliruka mpaka akagonga taa na kichwa.

Gemu ni yangu, nimeiandika mwenyewe kwa daftari la duka la dawa za mifugo ninakouza, wakati hakuna wateja. Mwaka ni 2090. Eldoret imekauka, imekufa, haina mtu. Mimi ni msimulizi: nasema kuna nini nyuma ya mlango, wao wanasema watafanya nini, dadu inaamua. Sasa kazi ni kubeba mbegu mpaka Marsabit ambako bado kuna watu, wahamie huko, kwisha. Safari ya kwenda tu.

Lakini kwanza waipange upya hiyo ndege — na hapo ndipo kelele ilianza. Kituyi ni fundi wa kuchomelea hapa mtaani Pioneer, na kwa gemu pia ni fundi wa kuchomelea, hajui kujifanya mtu mwingine. Ametia poshomili, mashine ya kusaga unga, huko nyuma kwa mkia. Mideva wa hapo jirani, nesi, ametoa viti vya wanajeshi akaweka vitanda viwili, mashine zake za hospitali na pazia, akina mama wajifungue. Ronnie anauza simu mjini; yeye ameweka banda la kuku. Kuku mia! Nikamuuliza kuku wa nini. Eti watu wa Marsabit utaenda kuwaona mikono mitupu?

Jina la ndege ni Mrembo wa Sugoi. Tulipiga kura.

Baba alipita akienda kuchukua chai. Akasimama. Akaangalia mchoro wangu. Akasema, hiyo haipai. Akaenda zake.

Nadhani ndiyo sentensi ndefu zaidi tangu astaafu Desemba.


Jumapili, 2 Machi 2025

Baada ya kanisa Anko Wanjohi, ndugu yake Baba, akapiga simu kutoka Mweiga kijijini kwao. Sauti yake haihitaji spika, tulisikia sote. Kwamba Baba amestaafu, huko Eldoret anangoja nini, arudi nyumbani, shamba la babu liko. Kwamba amepata mtu wa kununua hii nyumba. Atakuja kuiona Jumamosi tarehe kumi na tano. Baba akasema "mm". Akasema "mm" tena. Baba akisema mm mara mbili ni kama ameweka sahihi.

Mama anasema ataenda mume wake anakoenda, lakini asiambiwe acheke.

Miaka ishirini na saba Baba amepakia ndege za mizigo kwa airport yetu. Alikuwa anaamka saa kumi asubuhi akiimba. Sasa anakaa kwa kiti cha dirishani na kutazama ukuta wa jirani. Ukuta!

Mimi Mweiga nimeenda mara tano maishani, na mara zote watu wananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Nimezaliwa hapa. Nyumba ikiuzwa nitakodi chumba mahali, sawa, nina miaka ishirini na tisa, sitakufa. Ila naandika hapa kwa sababu mezani nilinyamaza kama mjinga: sitaki! Sitaki, sitaki.


Jumanne, 4 Machi 2025

Asubuhi chini ya mkebe wa sukari nimepata karatasi. Mwandiko wa Baba, ule wa herufi kubwa zimesimama wima.

UZITO IKIWA TUPU? UREFU WA NJIA YA KURUKIA? INAONDOKA SAA NGAPI? NANI MPAKIAJI?

Nikajibu hapo chini haraka haraka: inabeba tani ishirini, inaondoka saa sita mchana, mpakiaji hakuna. Nikakimbia kazini.

Jioni karatasi iko palepale, imejaa. Kwamba tani ishirini ni hesabu ya Mombasa. Kwamba hapa tuko juu, hewa ni nyepesi, na saa sita jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. HEWA YA ELDORET INAPENDA WAKIMBIAJI, HAIPENDI NDEGE. ANDIKA TANI KUMI NA MBILI. ONDOKA ALFAJIRI. Na mwisho, amepiga mstari chini mara tatu: NDEGE BILA MPAKIAJI NI JENEZA.

Niliisoma mara nne. Tulikula tu ugali, lakini alinitazama kidogo kuona kama nimeiona.


Jumatano, 5 Machi 2025

Nimeibeba ile karatasi kazini. Nikacheka peke yangu pale kaunta mpaka mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya kupe akaniuliza kama kupe wanachekesha.


Jumamosi, 8 Machi 2025

AMEKAA MEZANI!

Hatukumwita. Alikuja tu na kiti chake, rula, penseli na bakuli la maharagwe mabichi. Kituyi akasimama, "Karibu, Mzee," na kumpisha upande wa mwangaza. Nikamwambia achague mtu wa kuigiza — shujaa, mwindaji, daktari. Akaniuliza kwa nini aigize. "Mimi ni Gichuru. Napakia."

Basi. Akalaza penseli, akaweka rula juu yake ibalansi. Haragwe moja ni kilo mia. Akamwambia Kituyi aweke poshomili yake pale alipoichora. Maharagwe kumi na manane huko mwisho wa rula — pu! Yote yakaruka mpaka chini ya kabati. Baba akasema ndege itakaa matako chini kama ng'ombe anayekataa kwenda kuogeshwa dipu. Mideva alicheka hadi akatoka nje kushika ukuta.

Kituyi akakasirika, lakini kidogo tu. Anasema ameichomelea vizuri. Baba akamjibu kwa upole kabisa kwamba hajasema imechomelewa vibaya, amesema itaua watu. Poshomili ikasogezwa katikati.

Halafu likaja jambo la nyumbani. Sijui tulianzaje. Mideva akasema kabla ya Marsabit lazima ndege ipitie kwao Mbale, hawezi kuhama bila kuaga. Kituyi akasema basi na Kimilili. Ronnie: Webuye iko njiani! Nikawaambia jamani, ni 2090, dunia imeisha, huko kwenu hakuna mtu. Wakanitazama kama mimi ndiye nimeishiwa na akili. Kituyi anasema hata kama hakuna mtu, kaburi la nyanya yake liko. Na kila mmoja ana kitu cha kuchukua — Mideva jiwe la kusagia, Kituyi ng'ombe wawili. Ng'ombe!

Ronnie akauliza, "Na wewe Mzee, tutapitia Mweiga?"

Mama aliacha kuosha vikombe. Mimi niliangalia dadu.

Baba akasema atawaambia. Kisha akachukua haragwe moja akaliweka katikati ya rula. Tukamuuliza ni nini. Akagonga meza: hii. Hii meza.

Haikuhitaji maelezo kwetu. Ile Januari ya 2008, walipotufukuza baada ya uchaguzi, tulikimbilia uwanja wa maonyesho na nguo za mwilini tu. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Tuliporudi nyumba ilikuwa tupu, hata milango ilienda, lakini meza tuliikuta kwa jikoni ya mama yake Mideva, imefunikwa shuka. Imejaza jikoni yote. Mama Mideva alikuwa amepikia nje kwa mvua muda huo wote.

Mideva alilisukuma lile haragwe kidogo, likae katikati sawasawa.


Jumatatu, 10 Machi 2025

Msiba! Mama amepika ndege.

Baba alikuwa ameacha mzigo wote umepangwa kwa sahani, tani kumi na mbili kamili, maharagwe mia na ishirini. Mama akaona maharagwe kwa sahani. Akayachemsha na mahindi, akafanya githeri. Baba amekuja saa mbili usiku, akafunua sufuria. Akasema, "Waiyego, umechemsha ng'ombe wa Kituyi." Mama akamjibu kwamba na wewe utamla. Wakacheka! Wote wawili, pamoja, kwa sauti! Nilikuwa chumbani, nikafunika mdomo na mto.

Githeri ilikuwa tamu. Nadhani nilikula vitanda vya Mideva.


Alhamisi, 13 Machi 2025

Siku mbaya. Anko Wanjohi ameanza kupiga simu kila jioni. Mnunuzi anakuja Jumamosi saa tisa na wakili wake, anataka kumaliza siku hiyohiyo. Baba ametoa bahasha ya khaki kwa sanduku. Cheti cha ardhi kiko ndani. Ameiweka kwa mfuko wa koti na koti ameliangika mlangoni. Kila nikipita naiona.

Nilimuuliza, Baba, unataka kwenda? Akaniuliza nani anamngojea hapa, mimi niko kazini, Mama yuko sokoni. Anko angalau anamhitaji.

Nilitaka kumwambia hata sisi tunakuhitaji. Nikasema tu Jumamosi saa nane tunapaa. Akasema anajua.

Kitu kingine kinaniwasha. Ni mimi niliyeandika Eldoret imekufa. Hakuna aliyenishurutisha. Wiki ngapi nimekaa nikiwatafutia watu njia ya kuihama?


Jumamosi, 15 Machi 2025

Naandika hapahapa mezani, daftari kwa magoti. Nikingoja usiku nitasahau nani amesema nini.

Saa nane wote walikuwa wamefika, na maharagwe mapya. Mama ameambiwa asiyaguse. Baba amevaa ile fulana yake ya kazi ya manjano, ya kung'aa. Juu yake koti. Bahasha mfukoni.

Tulipanga mzigo. Mbegu, vitanda, poshomili, kuku, ng'ombe, jiwe, meza. Kimilili, Webuye, Mbale, halafu Marsabit. Rula imelala sawa kabisa. Mia na ishirini. Ronnie akapiga makofi, akachukua dadu ya kupaa.

Baba akamshika mkono. "Mafuta ya kurudi yako wapi?"

Nikamwambia hakuna kurudi, Baba. Eldoret imekufa.

"Nani amesema?"

Mimi. Mimi nimesema.

"Ulienda ukaangalia?"

Baba akasema miaka ishirini na saba, hajawahi kupakia ndege ambayo hairudi. Watu wakifika Marsabit na mbegu, wakipanda, zile zitakazobaki ziletwe wapi? Akatafuta karatasi. Daftari langu la gemu lilikuwa limejaa. Akatia mkono kwa koti, akatoa ile bahasha ya khaki, akaigeuza, akaanza kupiga hesabu juu yake!

Mama amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

Mafuta ya kurudi ni maharagwe thelathini na sita. Lazima thelathini na sita mengine yatoke. Aliandika yote kwa bahasha, safu kwa safu, na kalamu nyeusi.

Kituyi ametazama poshomili yake muda mrefu sana. Akaitoa. Kumi na nane. Akasema Marsabit watasaga kwa jiwe la Mideva, na macho yake yalikuwa mekundu, huyu mtu mzima, kwa maharagwe! Ng'ombe wakashuka, kumi. Ronnie akaacha kuku kumi na kutoa wengine wote, banda pia. Mbili. Mideva akatoa kitanda kimoja na mashine zake, tano.

Thelathini na tano. Limebaki moja.

Simu ya Baba inaita. Anko Wanjohi. Imeita mpaka ikakata.

Ronnie anasema mbegu zipunguzwe kidogo. Baba anakataa, mbegu haziguswi. Simu tena. Mama ameichukua. Anko anapiga kelele, sote tunasikia, eti mnunuzi yuko nje kwa geti na wakili, mbona hamfungui? Mama amemwangalia Baba. Baba hajainua kichwa.

"Mwambie angoje. Niko kazini."

Mama amemwambia hivyohivyo. Halafu ameweka simu chini kwa meza na kuketi. Mama! Hajawahi kuketi na sisi.

Baba amechukua haragwe la katikati. Lile la meza. Amelizungusha kwa vidole.

Mideva amesema, Mzee, hapana, hiyo usitoe.

Baba amemwambia meza ibaki. Itabaki kwa jikoni ya mama yako. Anajua kuitunza. Tukirudi tutaikuta.

Amemwekea Mideva haragwe mkononi na kuvifunga vidole vyake.

Rula imelala sawa. Geti inagongwa — mara tatu, kwa jiwe nadhani. Nimemuuliza Baba ni saa ngapi, kwa gemu. Amesema alfajiri, hewa nzuri, nzito. Amenipa dadu. Nimemrudishia. Mpakiaji ndiye anarusha, nimesema, ni sheria — nimeitunga saa hii hii, hakuna anayebisha.

Geti tena. Kituyi anauliza kama aende kufungua. Baba anasema kaa, funga mkanda.

Ameikunja ile bahasha mara mbili, na hesabu zake zote, akaikalia na cheti chake ndani. Anatikisa dadu kwa mikono miwili na —