Ninja Mwekundu na Simu ya Mwisho

Jumatatu, 5 Mei
Habari yako, daftari. Umeshindaje siku zote hizi? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo. Alizeti ya upande wa barabarani tumemaliza kukata. Vichwa viko juani. Kuku wamekwishajua, nashinda na fimbo kama askari.

Mchana kaka Elia kanipigia kutoka Mtinko. Sikumtambua. Sauti kama ya mtu anayeongea ndani ya debe. Majibu ya hospitali yametoka. Saratani ya koo. Tarehe 20 wanampasua Dodoma, wanaondoa kisanduku cha sauti chote. Wanasema atapona, lakini hatasema tena. Kaniambia hayo taratibu tu, kisha kauliza kama mvua iligusa alizeti yangu.

Nimelia nyuma ya banda la kuku ili Neema asinione. Mtoto mkubwa huyo, lakini bado sipendi anione.

Jumatano, 7 Mei
Nimepepeta, nimefua, nimesali. Bado sauti ya kaka iko kichwani. Ile ya zamani.

Kaka alikuwa mtafsiri wa filamu. Hapa hapa Ihanja, miaka ya tisini. Banda la udongo, televisheni moja, deki moja ya kanda, jenereta yenye kelele kuliko ninja wenyewe. Kiingereza cha kaka kiliishia kwenye salamu. Darasa la saba kama mimi. Hakuna aliyemshtukia. Alisimama pembeni ya televisheni na kijiti, akawasemea wote, wanaume, wanawake na farasi. Palipotakiwa kucheka alihamia Kinyaturu.

Filamu zenyewe zilikuwa mbovu. Tuliona. Ninja amefunga kitambaa kichwani kimeandikwa NINJA, kama vile atasahau. Amevaa saa ya mkononi. Moshi unatokea kwanza, ndipo anarusha bomu. Jamaa mmoja mwenye masharubu anauawa asubuhi, anauawa tena mchana, jioni yuko kazini. Kaka akasema huyo ni pacha wa tatu. Tulicheka mpaka mabenchi yakalia. Hakuna filamu nzuri iliyowahi kunipa furaha ile.

Moja ndiyo tuliipenda kupita zote. Mzungu wa suti, mjini, ana simu nyekundu mezani. Na ninja mwekundu porini. Hawakutani hata mara moja. Simu tu. Kaka akasema ni ndugu wa tumbo moja, Petro na Daudi. Waligombana siku ya kumzika baba yao, wakaapa kutotazamana usoni. Wazee walitoka banda lile wanafuta macho. Bibi yetu alikwenda kanisani akaomba Petro na Daudi waombewe wapatane. Mchungaji akawaombea. Usharika mzima ukasema amina.

Sasa naandika hili, ambalo sijaliandika popote. Mwaka niliookoka alipita mhubiri mgeni, akasema tutoe vitu vya shetani vichomwe. Nilikuwa na moto wa wokovu. Kaka alikuwa Itigi msibani. Nikaenda nikachukua kanda zake zote, ninja wote, nikazipeleka motoni. Harufu ile ya plastiki naijua hadi leo. Sanduku la mbao alimozitunza sikulichoma, lilikuwa zuri. Naweka humo sare za kwaya.

Kaka aliporudi nikamwambia mchwa wamekula.

Alilitazama lile sanduku. Akasema, basi. Banda halikufunguliwa tena. Kwa Mungu nimetubu mara nyingi sana. Kwake hata mara moja.

Jumamosi, 10 Mei
Nimemwambia Neema habari za upasuaji na za ile filamu. Za mchwa sikumwambia. Ana kibanda mjini Singida cha kuwajazia watu nyimbo na filamu kwenye simu. Nikamweleza: simu nyekundu, ninja mwekundu, masharubu. Akasema mama, ninja wekundu wako wengi. Nikamwambia huyu amevaa saa.

Nataka kaka aitafsiri mara moja zaidi, tuirekodi sauti yake. Siku kumi zimebaki.

Jumapili, 11 Mei
Ibada. Zamu yangu ya kuongoza sala ya umoja wa wanawake. Nimemwombea kaka nikashindwa kumaliza, mama mzee wa kanisa akamalizia. Najisikia mwongo. Nimevaa sare iliyotoka kwenye sanduku lile.

Alhamisi, 15 Mei
Neema kaipata! Kaitafuta siku nne. Nilipouona uso wa yule mzungu nikakaa chini.

Ila kaja na maneno. Amesoma kwamba waliotengeneza hawakuwa na kitu. Walichukua filamu ya zamani ya watu wengine, wakaikatakata, wakapiga picha zao chache za ninja, wakaunga. Yule wa suti na yule wa porini ni watu wa filamu mbili. Hawakuwahi kujuana. Ndiyo maana wanaongea kwa simu tu.

Imeniuma kama kusikia ndugu wa kweli wamekana undugu.

Kaka kafika jioni na basi, atakaa nasi mpaka siku ya safari ya Dodoma. Kakonda, shati linamwelea. Neema kamwamkia shikamoo mjomba, kisha kamwambia yote ya kuunga filamu. Nilimkata jicho, hakuona. Kaka akaanza kucheka kwa ile sauti ya debe, akakohoa, akacheka tena.

"Kumbe na wenyewe walikuwa wanatafsiri kama mimi," alisema.

Jumamosi, 17 Mei
Leo ndiyo leo. Niliziba madirisha ya sebule kwa khanga. Saa tisa. Nilitaka tuwe sisi watatu, lakini habari imetoka, sijui kwa nani. Wamekuja wamama wa kwaya na vigoda vyao. Akaja na mchungaji. Nikajua nimeumbuka. Mchungaji akaomba kiti cha mbele.

Kaka alikunywa chai ya tangawizi vikombe viwili. Akaomba kijiti. Neema akaweka simu yake karibu naye, ikaanza kurekodi.

Mwanzoni sauti ilikwaruza. Kisha sijui ilitoka wapi. Haikuwa ile ya zamani, lakini ilikuwa yake. Ninja alipotokea na kitambaa chake, kaka akasema huyu mama yake alimwandikia jina asipotee mnadani. Wamama wakaanguka. Masharubu akafa. Masharubu akafa tena. Mama mzee wa kanisa akauliza huyu hana kwao pa kwenda kupumzika. Mchungaji kavua miwani anaifuta, anaifuta, macho hayaishi maji.

Simu ya kwanza ya Petro na Daudi, kimya kama kanisani.

Katikati ya filamu sauti ikakatika. Akafungua mdomo, hakuna kitu. Akanywa chai. Akajaribu tena. Pumzi tu. Tukangoja. Hakuna aliyeinuka. Mwisho akainua kile kijiti akanipa mimi, sijui kwa nini mimi, akakaa.

Filamu ikaendelea yenyewe, watu wanarushiana visu bila maana. Wabaya kweli, bila kaka. Ovyo kabisa.

Tumerekodi nusu. Ni nusu, lakini ipo.

Nilitaka kumwambia leo, wageni wakishaondoka. Alikuwa amelala kwenye kochi na viatu. Nimemvua viatu.

Jumatatu, 19 Mei
Kaka na mkewe, aliyemfuata jana kutoka Mtinko, wamepanda basi la asubuhi kwenda Dodoma. Stendi nilimshika mkono. Maneno yalikuwa mdomoni. Kondakta akapiga mlango. Mwoga mimi. Sina neno jingine.

Jumanne, 20 Mei
Nimefunga. Sijaenda shamba. Saa kumi na moja wifi kapiga simu: ametoka, anapumua kwa tundu shingoni, yuko hai. Bwana asifiwe.

Jumamosi, 14 Juni
Tumekwenda Mtinko, mimi na Neema. Tumebeba jogoo na mafuta ya alizeti mpya. Kaka kanenepa kidogo. Shingoni ana kitambaa cheupe. Anaongea kwa kuandika kwenye simu, na kwa macho. Mwandiko wake wa simu una maneno mengi kuliko aliyokuwa nayo mdomoni.

Neema amekwishaipachika ile sauti kwenye filamu. Tukaiwasha. Kaka akajisikia. Sikumwangalia, nilitazama mikono yake. Ilikuwa inafuata, kidole kinacheza kama kimeshika kijiti.

Ikafika pale sauti inapokatika. Zikasikika zile pumzi. Kisha hakuna kitu. Kaka akageuka akaninyooshea kidole.

Nikakataa. Mimi mama wa kwaya, nimsemee ninja? Akaendelea kunyoosha. Wifi akasema, mama Neema, atakesha amenyoosha hivyo.

Nikaanza. Nilisema vibaya sana. Nilimwita Petro Daudi. Masharubu alipofufuka mara ya tatu nikasema huyu sasa amezoea, ni kama kwenda kisimani. Kaka mabega yakaanza kutikisika. Mdomo wazi, machozi, hakuna sauti hata kidogo. Anacheka. Sijawahi kuona kicheko kama kile. Nikazidisha. Nilimpa ninja Kinyaturu, nikawapa na farasi.

Ikaja simu ya mwisho. Mzungu kashika simu nyekundu, midomo inacheza. Hapo ndipo Petro, kaka mtu, anaomba msamaha. Kaka alikuwa akibadilisha maneno kila mara, lakini kila mara aliomba msamaha. Nikafungua mdomo nikawa kama yeye siku ile. Hakuna kitu. Filamu ikaisha mimi nimenyamaza.

Wifi kaleta ugali. Tumekula. Tumerudi.

Alhamisi, 19 Juni
Kumekucha na upepo. Nilikuwa napiga alizeti iliyobaki, ujumbe wa kaka ukaingia. Kauliza hali yangu, mgongo, kuku. Kisha: "Ile simu ya mwisho hukutafsiri. Petro alisema nini?"

Nilikaa juu ya gunia. Nikaandika kwa muda mrefu, nafuta, naandika. Mwisho nilituma hivi: "Alisema, kaka, sio mchwa. Kanda nilizichoma mimi. Nisamehe."

Nikarudi kupiga alizeti. Nilipiga sana. Jua limepanda, simu kimya. Nimepika, sijala. Saa nane ujumbe umeingia. Nanakili hapa nisiupoteze:

"Mdogo wangu, mchwa wakaacha sanduku la mbao wakala plastiki? Nilijua siku ile ile. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, nikasahau kama nangoja. Yameisha. Jumamosi uje turudie nusu ya pili, uliwachanganya Petro na Daudi mpaka nikaona aibu. Uje na lile sanduku nilione. Unakuja? Nijibu mapema."