Kamba Niliyoirudisha Karema

Karema,
Katavi.

Dada yangu Hana,

Mwangaluka. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiwa umesimama huwa husikilizi mpaka mwisho. Goti linaendeleaje? Na yule ndama mwenye doa aliyekuwa hataki kunyonya, alipona? Watoto nisalimie mmoja mmoja. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa ajili ya matofali, na viganja vimekuwa vigumu hata kalamu naishika kama mpini wa jembe. Unajua niliishia darasa la tano, kwa hiyo ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe.

Barua nampa Maduhu, anakuja huko kuangalia ng'ombe wa baba yake. Sikupenda kupiga simu. Mambo haya niliyabeba peke yangu kwa muda mrefu, na simu yetu ni moja, mimi na mke wangu.

Uliponiuzia wale ng'ombe wangu ulinikataza nisinunue kitu nisichokijua. Nimenunua, dada. Mimi na Pudensiana tumenunua mashua ndogo ya tanga, ya kubebea mizigo ya watu kutoka hapa Karema kwenda Ikola na vijiji vya katikati. Yeye ni mtoto wa ziwani, mimi najua zege tu. Lakini nilichoka kutembea kila alfajiri kule Mpanda, kutoka Ilembo kwenda Majengo, kujenga nyumba ambazo sitalala ndani yake. Wale ng'ombe ndio walikuwa kila kitu changu. Mashua hii ikinipotea sina pa kuanzia tena, na nisingeweza kusimama mlangoni kwako mikono mitupu, baada ya yale uliyonionya juu ya wanawake wa huku.

Aliyetuuzia ni Mzee Optatus, Mbende wa huku ziwani, mvuvi aliyechoka macho. Si ndugu wa Pudensiana, ila alimwona akikua, kwa hiyo mimi ananiita mkwe. Nilikuta mashua imepakwa rangi mpya ya bluu, nikajiambia kwamba ng'ombe aliyeoshwa siku ya mnada anaficha kitu. Nikaizunguka, nikagonga mbao, nikanusa, nikapitisha kidole kwenye kila ufa uliozibwa kwa pamba. Mzee akaniuliza kama nimeshaangalia meno au anisaidie kumfungua mdomo. Watu wakacheka, na Pudensiana alicheka kuliko wote. Hilo nililiweka moyoni.

Tulipokubaliana nikafanya kama baba alivyotufundisha. Ng'ombe akinunuliwa, kamba inarudi kwa mwenye zizi, ili bahati ya zizi isiondoke na mnyama. Nikaifungua ile kamba ndefu ya kufungia mashua, nikampa mzee kwa mikono miwili. Dada, ufukwe mzima ulinyamaza. Mzee alinitazama, akamtazama Pudensiana, na Pudensiana akasema maneno machache kwa Kibende. Basi mzee akaizungusha kamba begani akaenda nayo kwake, bila hata kuniaga. Nilipomuuliza mke wangu amesema nini, akajibu kwamba amemshukuru. Nikawaza, shukrani gani hiyo inayowanyamazisha watu?

Nilirudi Mpanda kumalizia kibarua, Pudensiana akabaki hapa kwa shangazi yake. Kila nilipopata nafasi ya kuja, nilimkuta Mzee Optatus ndani ya mashua yetu, kamba begani, amekaa na mke wangu kwenye usukani wanaongea Kibende. Nikifika wanahamia Kiswahili, na mazungumzo yanakuwa ya hali ya hewa. Kuna mama mmoja anakaanga samaki pale ufukweni, anaitwa Queen. Huyo alinikaribisha kwa kusema shemeji karibu, mashua yenu siku hizi ina wenyewe watatu, sijui mmepangaje kulala. Nilicheka na waliokuwepo, lakini samaki wake sikummaliza.

Nikamuuliza Pudensiana, mtu aliyeuza anatafuta nini kwenye kitu alichouza. Akanijibu kwamba kamba nilimpa mwenyewe. Nikasema basi nakwenda kuichukua. Aliweka sufuria chini, akaniambia kwamba nikiichukua nitamwaibisha mbele ya Karema yote, na kwamba nijifunze kusubiri. Hapo ndipo nilipoamini kwamba kwa mila yao kurudisha kamba ni kurudisha mali, na kwamba mke wangu alijua, akaniacha nijiibie kwa mikono yangu. Nikaanza kuficha makasia kwa shangazi kila ninapoondoka, wasiweze kwenda popote. Wakaenda kwa upepo. Nyie mliokaa huko mtanicheka, lakini mimi nilikuwa nalipia tanga bila kuelewa kazi yake.

Juzi juzi niliacha kibarua kabisa, nikaja na begi langu, nikawaambia leo nakwenda nanyi Ikola. Walitazamana. Mzee akafurahi kupita kiasi, nami sikuipenda furaha ile. Kabla hatujasukuma mashua majini akaishusha kamba begani, akanifunga kiunoni, na fundo akaliweka mgongoni, mahali mkono haufiki. Nikauliza ya nini. Akasema tulia, mkwe. Nikamtazama Pudensiana, naye alikuwa anaangalia milima.

Tulipofika mbali, nyumba za Karema zikiwa kama punje, upepo ukageuka. Mzee alisimama akanijia huku amenyoosha mikono. Nikaona ndiyo hiyo, hivi ndivyo Msukuma anavyopotea na ng'ombe wake wanabaki na wengine. Nikamsukuma kifuani kabla hajanifikia. Yeye hakuanguka, ana miguu ya ndani ya mashua. Nilianguka mimi.

Sitakuelezea yale maji. Nitakwambia tu kwamba kiuno kilibanwa, nikavutwa, nikatolewa kama ndama anayetolewa kisimani, na aliyekuwa anavuta ni mzee yule niliyemsukuma. Alikuwa ananijia anihamishe upande wa pili, tanga lisinigonge kichwa.

Nilipomaliza kutapika akanieleza, wala hakuwa na hasira. Kwa wazee wa ufukwe huu, mnunuzi asiyejua maji akimpa muuzaji kamba, anamwomba awe naye mpaka azoee, na siku akizama, yeye ndiye wa kumvuta. Anasema ombi hilo aliliona mara moja tu, enzi za baba yake, kwa sababu wanaume wana kiburi. Ndiyo maana watu walinyamaza. Walidhani mimi ni mtu mnyenyekevu sana. Na yale maneno ya Kibende, Pudensiana alikuwa amesema, hajui kuogelea, ila hawezi kulitamka hilo. Siku zote zile mzee alikuwa anamfundisha namna ya kuendesha akiwa na mtu mzito asiyejua kukaa. Nikamuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia. Akasema ningeambiwa maana yake, ningemnyang'anya mzee kamba siku hiyo hiyo. Ni kweli, dada.

Sasa nikuambie lile ambalo hata Maduhu hajui. Kule majini sikumwita Mungu, wala sikumwita mke wangu. Nilikuita wewe. Hana, Hana, kama nilivyokuwa nakuita nikiwa mdogo ng'ombe wakinizunguka. Mzee Optatus akamgeukia Pudensiana, akamuuliza kwa sauti ya mashaka Hana ni nani, kumbe mkwe ana mwingine Mpanda. Pudensiana alicheka mpaka akaachia usukani. Akasema ni dada yake, yule asiyenitaka. Tulipokaribia nchi kavu akaniambia, mwandikie.

Kamba bado iko kwa mzee. Itarudi kwangu siku nitakayokwenda Ikola na kurudi bila kushikwa. Mpaka hapo, kila asubuhi ananifunga mbele ya watu wote, na Queen ananiuliza kama nimeshapata mteja mnadani. Mimi napanda tu.

Pudensiana anakusalimia, na amekutumia migebuka mikavu, wale samaki wa huku ziwani, iko kwenye mfuko wa Maduhu. Kama imepungua muulize yeye. Njoo utuone kabla mvua hazijaharibu barabara. Hakuna atakayekulazimisha kupanda. Lakini ukipenda, kamba ni ndefu, inatosha wawili.

Ni mimi mdogo wako,
Masunga